Damu ya nani ni nzito? Uzi kuhusu marehemu, mwathiriwa na uzito wa hukumu

1. Kila mauaji yanapotikisa nchi, mjadala huwa ni uleule. Mmoja anasema, "warudishe kitanzi." Wa pili anasema, "angekuwa mtoto wa tajiri, kesi ingekuwa imeisha." Wa tatu anauliza, "kwani huyo marehemu alikuwa anafanya nini huko saa hizo?" Tunadhani hizo ni hoja tatu. Ukizitazama vizuri ni swali moja tu: je, kifungo cha aliyeua kitegemee ni nani aliyeuawa?

2. Leo tulifuate hilo swali kwa njia ya historia. Sheria za huu uzi ni zilezile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si wakili, kwa hivyo sikupi ushauri wa kesi yako. Nataka tu ukisikia mtu akipiga kelele jukwaani kuhusu "adhabu kali," ujue anaongea juu ya nini. Ni mrefu. Weka chai karibu.

3. Jibu la Katiba ni rahisi. Kifungu cha 27 kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria na ana haki ya kulindwa sawa na sheria hiyo. "Kulindwa sawa" inamhusu mshtakiwa, lakini inamhusu pia yule aliyelala mochari. Shida ni kwamba kati ya kosa na kifungo kuna milango mitatu, na hadhi ya marehemu inaweza kupenyeza kwa wowote. Wa kwanza ni shtaka: ni mauaji ya kukusudia au ya bila kukusudia? Wa pili ni wale wanaoamua na yale wanayoambiwa kuhusu marehemu. Wa tatu ni sheria yenyewe ilivyoandikwa. Ikumbuke hii milango, tutairudia.

4. Tuanze mbali kidogo. Kabla ya serikali ya kikoloni, jamii nyingi zetu hazikufunga muuaji. Familia yake ilitoa fidia, na fidia ilikuwa na kipimo. Kwa Wakikuyu, kipimo kilichoandikwa ni mbuzi 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 30 kwa mwanamke. Kwa Wasomali, na kwa fikihi ya jadi ya Kiislamu, diya ya mwanamume ni ngamia 100, ya mwanamke ni nusu yake. Kwa hivyo ndiyo, damu ilikuwa na bei, na bei haikuwa moja.

5. Lakini angalia kitu kimoja. Bei hiyo ilitajwa hadharani. Kila mtu aliijua, na mwenye kuona ni dhuluma aliweza kuipinga mbele ya wazee. Na usidhani imekufa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kusuluhishana kwa mila na dini na fidia kutolewa. Upande wa mashtaka uliegemea Kifungu cha 159, kinachotambua njia za kienyeji za kusuluhisha migogoro. Wanasheria wamebishana tangu siku hiyo.

6. Sasa wakaja Waingereza wakisema wameleta sheria moja kwa wote. Kuanzia 1897 walitumia hapa sheria ya jinai iliyotungwa India mwaka 1860. Kwenye karatasi, kuua ni kuua. Kumbe mahakamani kulikuwa na njia mbili. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, yaani majirani zake walowezi. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na washauri, na ushauri wao haukumfunga jaji. Huo ni mlango wa pili, na ulikuwa wazi kabisa.

7. Mwaka 1911, mlowezi Galbraith Cole alimpiga risasi Mwafrika aliyedai alikuwa anamwibia kondoo, karibu na Elmenteita. Yule mtu akafa. Baraza la walowezi likamwachilia Cole. Huko London maafisa wakaona aibu, na kwa sababu hawangeweza kufuta uamuzi wa baraza, wakamfukuza nchini kwa amri ya serikali. Baadaye aliruhusiwa kurudi. Fikiria: kesi ya kuua mtu ikaishia kuwa suala la kibali cha kuishi nchini. Kwa macho ya wale waliomwachilia, aliyekufa alikuwa mwizi wa kondoo kwanza, mtu baadaye.

8. Mwaka 1923, shamba moja upande wa Molo. Kijana aliyeitwa Kitosh alitumwa kumrudisha farasi, akaambiwa amwongoze kwa miguu, asimpande. Akampanda. Kwa kosa hilo mwajiri wake, Jasper Abraham, alisimamia apigwe, kisha akafungwa kamba ndani ya ghala. Usiku huohuo Kitosh akafa.

9. Kesi ilisikizwa Nakuru. Na hapa ndipo utaona akili ya binadamu inavyoweza kutafuta njia. Upande wa utetezi ulileta hoja ya kitabibu kwamba majeraha pekee hayakutosha kumuua, kwamba huyu kijana alikuwa ametaka kufa, na Mwafrika akitaka kufa hufa. Yaani Kitosh akageuzwa sababu ya kifo chake mwenyewe! Baraza la Wazungu likampata Abraham na hatia ya kusababisha majeraha mabaya, si ya kuua. Miaka miwili gerezani. Mwandishi Karen Blixen, aliyekuwa mlowezi mwenyewe, aliiandika hadithi hiyo katika kitabu chake kuhusu Kenya, ndiyo maana wengi wa nje wanamjua Kitosh kuliko sisi.

10. Usikimbie hapo. Miaka miwili haikutokana na jaji mwenye huruma. Ilitokana na mlango wa kwanza, ule wa kosa. Sheria ile ya India iliacha nafasi ya kusema "alimjeruhi vibaya" hata kama mtu amekufa, na baraza likaitumia hiyo nafasi. London ililalamika kwa miaka. Mwaka 1930 Kenya ikapata Kanuni ya Adhabu mpya iliyofuata sheria ya Kiingereza, ambapo ukimpiga mtu vibaya hadi afe huwezi tena kuponyoka kirahisi kwa neno "majeraha." Ukisoma Kanuni ya Adhabu tunayotumia leo, Kitosh yumo ndani, ingawa jina lake halijaandikwa.

11. Hebu tutoke kwa rangi kidogo, manake si rangi peke yake iliyopunguza bei ya mtu. Mwaka 1932, wanaume 70 kutoka Ukambani walishtakiwa kwa kumuua mwanamke aliyeitwa Mwaiki, wakisema alikuwa mchawi. Walikiri bila kujificha, kwa sababu kwa maoni yao walikuwa wamelinda kijiji. Sitini wakahukumiwa kunyongwa, kumi waliobaki walionekana wadogo kwa umri. Baadaye hukumu zile za kifo zikabadilishwa na hakuna aliyenyongwa.

12. Swali lililobaki mezani lilikuwa gumu: imani kwamba marehemu ni mchawi, inapunguza kosa au haipunguzi? Mahakama zimekuwa zikisema imani pekee haitoshi kumwondolea mtu hatia, lakini kwenye huruma ya kifungo imani hiyo imerudi mara nyingi. Leo nenda Kilifi uwaulize wazee wenye mvi wanaolala nje ya vijiji vyao kwa hofu. Neno "mchawi" bado linaua, na bado linapunguza machozi ya majirani baada ya kuua.

13. Kisha ikaja Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Wengi wao hawakunyongwa kwa kuua mtu. Kuwa na silaha au risasi, kulisha kiapo, kushirikiana na wapiganaji, vyote viliweza kukupeleka kitanzini. Walowezi raia waliouawa na Mau Mau katika miaka hiyo yote walikuwa 32.

14. Upande wa pili wa mizani: tarehe 3 Machi 1959, kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa kwa marungu hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo. Hakuna hata mtu mmoja aliyefunguliwa mashtaka kwa vifo hivyo. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "kifungo kilikuwa miaka mingapi," uliza kwanza: kesi ilikuwepo? Ubaguzi mkubwa kabisa wa hukumu ni ule usioonekana kwenye rekodi za hukumu, kwa sababu hakuna aliyehukumiwa.

15. Miezi saba tu baada ya Hola, Oktoba 1959, jijini Nairobi, Kamawe Musunge alikuwa kwenye baiskeli yake. Mbwa wakamkimbilia, akaokota jiwe kujikinga. Mwenye mbwa, Mwingereza aliyeitwa Peter Poole, akampiga risasi akafa. Safari hii baraza la Wazungu watupu likasema: ana hatia ya mauaji ya kukusudia. Rufaa zikagonga mwamba. Maelfu wakatia sahihi ombi la msamaha. Tarehe 18 Agosti 1960 Poole akanyongwa, Mzungu wa kwanza na wa pekee kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

16. Sheria iliyomnyonga Poole ilikuwa ileile ya miaka ya nyuma. Kilichobadilika ni hesabu ya nani atatawala. Mwanzoni mwa mwaka huo mazungumzo ya katiba yalikuwa yamefanyika London na kila mtu alijua uhuru uko mlangoni. Sasa kumsamehe Poole kungesomwa na taifa zima. Mimi sifurahii kitanzi, na sisemi Poole alitendewa haki au hakutendewa. Ninachosema ni kwamba uhai wa Musunge "uliongezeka bei" kwa sababu watu wake walikuwa karibu kupata kura. Na hilo linapaswa kututisha kidogo, kwa sababu kilichopanda kwa siasa kinaweza kushuka kwa siasa.

17. Uhuru ulipokuja, je, tulimaliza? Mombasa, 1980. Monica Njeri aliuawa na baharia wa jeshi la majini la Marekani. Baharia alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Adhabu: atie sahihi dhamana ya shilingi 500 na akae kwa amani miaka miwili. Basi. Akarudi kwao. Nchi ilipiga kelele, magazeti yakawaka. Lakini sikiliza namna Njeri alivyotajwa katika mjadala ule: kahaba. Ni kama kwamba neno hilo moja lilikuwa limeshahesabu shilingi 500 na kutoa risiti.

18. Na hapa uelewe kitu cha kisheria. Kwa Kenya, adhabu ya juu ya kuua bila kukusudia ni kifungo cha maisha. Ya chini haijawekwa. Jaji anaweza kutoa maisha, miaka 20, miezi sita, au dhamana tu. Nafasi hiyo kubwa ina sababu nzuri: kuna anayeua kwa uzembe mdogo na kuna anayeua karibu na makusudi. Lakini nafasi kubwa ndipo pia hadhi hupata mahali pa kukaa. Marehemu aliyeheshimika anaisukuma juu, na asiyeheshimika anaiacha ianguke.

19. Turudi Elmenteita, ziwa lilelile la mwaka 1911. Mwaka 2005, mmiliki wa ranchi kubwa, Thomas Cholmondeley, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori aliyekuwa kwenye uchunguzi wa nyama ya porini. Serikali ikasitisha kesi kabla haijasikizwa. Mwaka 2006, katika ranchi hiyohiyo, Robert Njoya, mchonga mawe, akafa kwa risasi yake. Safari hii kesi ikaenda hadi mwisho. Mwaka 2009 akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miezi minane. Jaji alizingatia kwamba tayari alikuwa amekaa rumande miaka mitatu.

20. Tuwe wa haki hapa. Miezi minane juu ya miaka mitatu ya rumande si miezi minane mitupu, na kuhesabu muda wa rumande ni jambo la sheria, si upendeleo. Lakini umati uliokasirika haukuwa unafanya hesabu ya rumande. Ulikuwa unafanya hesabu ya miaka mia: Cole, Abraham, na sasa huyu. Mahakama inasikiza kesi moja. Wananchi husikiza kesi zote kwa pamoja. Ukielewa hiyo tofauti, utaelewa kwa nini hukumu moja inaweza kuwa sawa kisheria na bado ikachoma kama dharau.

21. Sasa mlango wa tatu: sheria yenyewe. Kuna mahali ambapo Kenya imeandika waziwazi kwamba sifa ya mwathiriwa ibadilishe kifungo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema anayenajisi mtoto wa miaka 11 au chini afungwe maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Umri wa mwathiriwa ndio unaopanga ngazi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisimama na kiwango cha chini cha miaka 20, baada ya mahakama za chini yake kuanza kukishusha.

22. Sheria hiyohiyo ilifunga mlango mwingine. Zamani wakili angesimama na kumuuliza mwathiriwa amelala na wanaume wangapi, alivaa nini, anakunywa pombe? Sasa kifungu cha 34 kinakataza kuleta historia yake ya kimapenzi bila ruhusa ya mahakama. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshatupa desturi ya kuutilia shaka ushahidi wa mwanamke katika kesi za ubakaji eti kwa sababu tu ni mwanamke. Nusu karne hivi mahakama zetu zilisoma onyo hilo kama sala. Likaondolewa kwa sababu lilikuwa ubaguzi, na ubaguzi umekatazwa na Katiba.

23. Lakini sheria nzuri inaweza kufia kituoni. Mwaka 2013 huko Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume. Polisi waliwakamata baadhi yao, wakawafyekesha nyasi za kituo, kisha wakawaachilia. Nyasi! Watu zaidi ya milioni moja duniani wakatia sahihi ombi la haki. Mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Kati ya nyasi na miaka 15, sheria haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba msichana wa kijijini alipata watu wa kumsemea. Sasa jiulize kuhusu wale ambao hakuna aliyewaandikia ombi.

24. Ukidhani hili ni letu peke yetu, angalia Marekani. Profesa David Baldus na wenzake walichunguza kesi zaidi ya 2,000 za mauaji katika jimbo la Georgia miaka ya 1970. Baada ya kuhesabu mambo mengine, walikuta kwamba aliyemuua Mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 zaidi wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyemuua Mweusi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya huko, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema takwimu hizo hazitoshi kumwokoa Warren McCleskey, kwa sababu hazithibitishi kwamba kesi yake yeye iliamuliwa kwa ubaguzi. Alinyongwa na umeme mwaka 1991. Jaji aliyeandika uamuzi huo, akiwa amestaafu, alisema kama angerudi nyuma angebadilisha kura yake.

25. Hiyo ndiyo shida ya ubaguzi wa namna hii. Ukiangalia kesi moja moja, kila jaji ana sababu nzuri. Ukizipanga kesi mia moja mezani, unaona mteremko. Sisi hapa Kenya tunabishana kwa hasira ya kesi moja, kumbe tungehitaji kuzipanga nyingi pamoja, tukitazama jinsia, umri, kazi na mtaa wa marehemu.

26. Na hilo limekuwa la dharura tangu 2017. Kabla ya hapo, ukipatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia, jaji hakuwa na la kuchagua: kifo, ingawa hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji hivyo ni kinyume cha Katiba. Hukumu ya kifo ikabaki kitabuni, ila jaji sasa anapima. Ikatoa orodha ya mambo ya kupima: umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama aliua akijibu dhuluma ya kijinsia, majuto, uwezekano wa kubadilika.

27. Soma hiyo orodha tena, polepole. Karibu yote inamhusu aliyeua. Marehemu anaonekana mara moja tu, tena kama mtu aliyemtesa muuaji wake. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilipotoa maelekezo zaidi, iliongeza mambo mawili: namna mwathiriwa alivyotendwa, na athari kwa familia yake. Ilichukua karibu miaka minne kwa marehemu kuingia kwenye orodha.

28. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 nayo inaipa familia nafasi ya kueleza mahakama walichopoteza kabla ya hukumu. Mimi naipenda, kwa sababu inamrudishia marehemu jina. Lakini ina mtego. Familia iliyosoma, yenye nauli na wakili, itakuja na picha ya mahafali na simulizi ya ndoto zilizokatika. Chokoraa aliyeuawa nyuma ya soko, nani atakuja kumsemea? Kijana aliyepigwa mawe na umati kwa kelele za "mwizi!", mama yake atathubutu kusimama? Tukiruhusu machozi yapime miaka, asiye na wa kumlilia atakuwa na bei ndogo kuliko wote.

29. Ndiyo maana mjadala wa sasa kuhusu mauaji ya wanawake una uzito. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine. Moja ya madai yanayosikika ni kuwe na kosa maalumu la kumuua mwanamke kwa sababu ni mwanamke. Wapinzani wanasema: mauaji ni mauaji, mbona damu ya mwanamume iwe nyepesi? Swali si la kijinga, na ukifuata historia utaona ndilo swali letu la kwanza limerudi na nguo mpya.

30. Mimi naona kuna mambo mawili tunayochanganya. Moja ni thamani ya mwathiriwa. Lingine ni unyonge wake mbele ya aliyemdhuru. Thamani isiguse kifungo hata kidogo: daktari na kahaba, mlowezi na mchunga farasi, wote uhai mmoja. Unyonge unafaa kugusa, kwa sababu unatueleza kuhusu aliyeua. Anayemvamia mtoto, mzee, mtu mwenye ulemavu, au mke aliyemtegemea, amechagua asiyeweza kumrudishia. Hapo kifungo kinapanda kwa sababu ya alichofanya mkosaji, na bei ya damu haijabadilika.

31. Lipime hilo kwa kesi zote za juu. Kupanga vifungo kwa umri wa mtoto: unyonge. Sawa. Dhamana ya shilingi 500 kwa Njeri: thamani. Si sawa. "Alitaka kufa" ya Kitosh: thamani, ikiwa imevaa koti la daktari. "Ni mchawi": thamani. "Alikula pesa za mwanamume," ile ya mitandaoni kila msichana akiuawa: thamani tena, na mbaya zaidi, inamfanya marehemu mshtakiwa katika kesi ambayo hawezi kujitetea.

32. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akuahidi "adhabu kali," muulize matatu. Moja: ni kesi ngapi za mauaji hazifiki kortini kabisa, na utafanya nini kuzihusu? Mbili: asiye na familia ya kumsemea, nani atasimama kwa niaba yake siku ya hukumu? Tatu: utakubali hukumu zote zikusanywe na kuchapishwa, tuone nani hufungwa miaka mingapi kwa kumuua nani? La tatu halihitaji kitanzi wala gereza jipya. Linahitaji makarani, kompyuta na ujasiri.

33. Kitosh alipewa miaka miwili. Njeri akapewa shilingi 500. Wale 11 wa Hola hawakupewa hata kesi. Wazee wa zamani walitaja mbuzi wao hadharani, na sisi tunaojiita wa kisasa bado tuna bei, ila tumeificha ndani ya maneno kama "mazingira ya kesi." Kazi yetu ni kuitoa hapo nje tuione.

34. Maoni karibu, hasa kama unapinga nambari 30, manake najua wengi watapinga. Unipinge kwa hoja. Ukileta jina la mwanasiasa wako au chama chako nitafuta bila kukuaga. Na tafadhali, ukitaja kesi ya jirani au ya mtaa wenu, usiweke jina la mwathiriwa wala la familia. Wamebeba ya kutosha.